Miaka tisa nafeki kitandani, sasa nimeujua mwili wangu na sijui nimwambieje mume wangu

Shikamoo anti,

Naomba usiweke jina langu. Barua hii nimeiandika nikaifuta kama mara nne hivi, leo nimesema naituma hivyohivyo ilivyo, ukiona imekaa ovyo nisamehe.

Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili, mdogo ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya. Mume wangu ni mtu mzuri anti, naomba ulijue hilo kabla ya yote maana sitaki mtu asome hapa aanze kumtukana. Hanipigi, hanitukani, akirudi anakaa na watoto, nikiumwa anayeamka usiku ni yeye. Tatizo sio yeye ndo maana inaniuma.

Tatizo ni hili. Sijawahi kufika kileleni nikiwa naye. Hata mara moja. Na yeye anaamini nafika kila siku.

Ilianza usiku wa kwanza kabisa. Nilikuwa sijui lolote, naye nadhani hakuwa anajua sana, alipomaliza akaniuliza umefika? Mi hata sikuelewa nimefika wapi, ila nikauona uso wake unavyosubiri jibu, nikasema ndiyo. Akafurahi sana, akanikumbatia akalala. Basi tangu hapo nikawa najua wakati wa kutoa sauti, najua nikaze mwili lini, nipumue vipi, na anti nimekuwa fundi kwelikweli maana miaka yote hii hajawahi kushtuka. Kibaya zaidi yale niliyokuwa nafekia ndo anayoyarudia, anajua hiki ndo kinampeleka mke wangu, kwa hiyo kila siku mwendo uleule, haraka, nguvu, dakika chache, mimi natoa sauti, yeye anamaliza, tunalala.

Nilijiambia labda ndo nilivyoumbwa. Marafiki zangu tukikaa wanapiga stori za hayo mambo, mmoja anasema yeye dakika mbili tu tayari, wanacheka, na mimi nacheka nao. Nikirudi nyumbani najiuliza mi nina kasoro gani. Kuna sehemu nilisoma kwamba wapo wanawake baridi, nikasema basi ndo mimi, nikatulia.

Sasa miezi miwili iliyopita mume wangu alisafiri kikazi wiki mbili. Usiku mmoja watoto wamelala, nikawa nasoma kwenye simu makala ya mwili wa mwanamke, yaani ilikuwa inaeleza tu kama somo la sayansi hivi, ikataja kinembe na kazi yake. Anti, nimezaa mara mbili na nilikuwa sijui kazi ya kile kitu. Nikajigusa. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kujua kama ni kweli. Sikuwa na haraka, hakuna aliyekuwa ananisubiri. Ikatokea. Nilijua ni yenyewe maana haikufanana hata kidogo na zile sauti zangu, kwanza nilikaa kimya kabisa, nimeshika shuka. Halafu nikalia. Nililia sana, nusu furaha na nusu sijui niite nini, nadhani ni hasira ya ile miaka yote.

Baada ya hapo nimejaribu mara tatu nyingine na zote imekuwa. Lakini kila nikimaliza najisikia nimemuibia mume wangu kitu. Kwenye dini yangu nimefundishwa hilo jambo sio zuri. Halafu naona kama nimepata mwanaume mwingine ambaye ni mimi mwenyewe, sijui kama unanielewa.

Mume karudi. Siku ya kwanza kaja na hamu zake, nikaanza kama kawaida, katikati nikashindwa. Zamani nilikuwa naigiza kitu nisichokijua, sasa hivi nakijua, na sauti ikagoma kutoka. Nikasema tumbo linaniuma. Tangu siku hiyo ni wiki sita nakwepa, mara mtoto anasumbua, mara kichwa, mara nimechoka. Na niseme ukweli, toka nijifungue huyu wa pili kumekuwa kukavu na kunauma, hilo nalo sijawahi kumwambia.

Juzi usiku tumeshazima taa akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "kuna mtu mwingine?" Nikamwambia acha mambo yako, nikageukia ukutani. Hakulala, nilimsikia.

Anti mi siwezi kumwambia. Kuna kipindi tuliyumba sana kipesa, akaniambia "angalau kitandani sijawahi kukuangusha". Ndo faraja aliyobaki nayo wakati ule. Sasa nitamwambiaje kwamba hata hapo? Rafiki yangu mmoja niliyemgusia kidogo tu kasema funga mdomo, wanaume hawasamehe hicho kitu, wewe endelea kufeki na ya kwako fanya kimyakimya. Nikiendelea hivyo naona nitakuja kumchukia na yeye hana kosa. Nikimwambia ataona ndoa nzima ilikuwa uongo. Je mimi ni mke mbaya? Nifanye nini?

Mke wa miaka tisa

*

Marahaba mwanangu,

Umefanya vizuri kuituma, na haijakaa ovyo. Nimeisoma mara tatu. Pale uliposema ulikaa kimya umeshika shuka nilisimama kidogo kabla sijaendelea, maana nimeshapokea barua nyingi za wanawake wanaoniuliza "anti nitajuaje kama nimefika", na wewe umewajibu kwa mstari mmoja vizuri kuliko nilivyowahi kuwajibu mimi.

Nikurudishie nilichosikia, unisahihishe kama nimekosea. Kuna mwili wako, ambao umeanza kuujua ukiwa na miaka 34 na watoto wawili. Kuna lile "ndiyo" la usiku wa kwanza ambalo limekua likawa la miaka tisa. Na kuna mwanaume aliyelala macho akidhani umepata mtu. Wewe umeyafunga yote fundo moja ukaliita "nimwambie au nisimwambie", ndo maana linaonekana zito kiasi hicho. Tulifungue taratibu, tuone kila kamba inaenda wapi.

Tuanze na hilo neno kasoro maana umelibeba muda mrefu sana.

Kinembe, wengine wanakiita kisimi, ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Kile unachokiona kwa nje ni kichwa tu. Sehemu kubwa imejificha ndani, kina miguu miwili inayotanuka ikishuka huku na huku, na chini yake kuna mafungu mawili ya nyama laini yaliyokaa pande mbili za mlango wa uke, vyote hivyo mwanamke akisisimka vinajaa damu na kuvimba kama uume unavyosimama. Na vinafanana kwa sababu asili yao ni moja, mtoto akiwa mchanga kabisa tumboni wa kike na wa kiume anaanza na kiungo kilekile, baadaye ndo kinakuwa uume au kinakuwa kinembe. Sasa hebu mfikirie mwanaume anayetakiwa afike kila siku bila uume wake kuguswa, na asipofika aambiwe ana kasoro. Ndo mtihani uliokuwa unajipa wewe miaka yote hiyo.

Maana ule mwendo unaousema, haraka, nguvu, dakika chache, kwa wanawake wengi haukifikii kile kichwa cha kinembe vya kutosha. Kuna utafiti ulichapishwa 2018 Marekani, waliuliza wanawake zaidi ya 1,000 wa kuanzia miaka 18 mpaka 94. Waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha walikuwa kama asilimia 18. Kama asilimia 37 walisema bila kinembe kuguswa hawafiki, na kundi jingine linalokaribiana na hilo wakasema sio lazima ila kikiguswa inakuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo wewe uko na wengi mwanangu. Mwaka huohuo kukatoka utafiti mwingine wa hukohuko, wa watu zaidi ya 52,000, wanaume wanaolala na wanawake asilimia 95 walisema wanafika mara zote au mara nyingi, wanawake wanaolala na wanaume asilimia 65, na wanawake wanaolala na wanawake wenzao asilimia 86. Nakupa na hiyo namba ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu mwili ni huohuo wa kike, kilichobadilika ni kinachofanyika kitandani na muda unaotumika.

Na ule ubaridi uliousoma una historia, sio kitu kilichogunduliwa ndani yako. Mjerumani mmoja Georg Ludwig Kobelt alishakichora kinembe chote, mpaka sehemu za ndani, mwaka 1844. Halafu 1905 Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeshughulika na mambo ya akili, akaja na nadharia kwamba msichana akikua na kukomaa raha yake inatakiwa ihame kutoka kwenye kinembe iende ukeni. Haikuwa kweli, lakini ilikaa kwenye vichwa vya madaktari miaka mingi sana na wanawake chungu nzima wakaambiwa wao ni baridi kwa sababu tu haijahama. Ilifika 1998 ndo daktari mpasuaji wa Australia, Helen O'Connell, na wenzake wakachapisha upya jinsi kiungo hiki kilivyo, wakaonyesha kwamba michoro ya vitabuni ilikuwa na makosa. Mwaka 1998! Ilipofika 2022 watafiti Marekani wakahesabu nyuzi za neva za binadamu zinazokwenda kwenye kinembe wakapata zaidi ya 10,000. Kama waliosomea wenyewe walichelewa hivyo, wewe ulipaswa ulijulie wapi usiku ule?

Sasa yule rafiki wa dakika mbili. Wapo wanawake wa dakika mbili, simpingi. Ila pale mlipokaa wewe pia ulicheka, na aliyekuwa anakuangalia ukicheka alijua na wewe ni wa dakika mbili. Huwezi kujua ni wangapi pale walikuwa wanacheka kama wewe.

Tuje kwenye uongo. Umeandika kana kwamba miaka tisa iliyopita ulikaa ukapanga kumdanganya mtu. Mimi nikisoma namuona msichana aliyeulizwa swali asilolielewa, akaujibu uso uliokuwa unamsubiri. Alitaka mtu asiumie. Hilo la kwanza silioni kama udanganyifu, naliona kama woga na huruma vimechanganyika. La pili na la kumi na la mia ni kweli yana uzito wake na wewe mwenyewe unausikia, sitaki kukufunika macho kwa kukufariji. Mwanaume huyo amejifunza mwili wako kutoka kwako peke yako. Kila uliposema "hapo hapo" aliamini, akaweka akilini, akarudia kesho yake kwa bidii. Amekuwa mwanafunzi mzuri wa somo lililokosewa. Nakwambia hivi kwa sababu ina upande wake mzuri, mtu aliyeshika maelekezo miaka tisa bila kuchoka, akipewa mengine ana uwezo wa kuyashika pia.

Ila na hilo la "yeye hana kosa" naomba nilishike kidogo. Sio kosa, sawa. Lakini ukiniuliza mimi, tangu lile swali la umefika, ameshawahi kukuuliza unapenda nini? Ameshawahi kukaa tu akakugusa bila kuwa na pa kukimbilia? Nauliza kwa sababu umeubeba mzigo wote mgongoni kwako, ukimya wa nyumba hii mmeujenga wawili. Wewe ulificha, yeye naye jibu moja lilimtosha.

Na umesema umemuibia. Umemuibia nini? Ile raha hajawahi kuwa nayo ukaichukua, ilikuwepo kwenye mwili wako haijaguswa na mtu. Kitabibu kujigusa hakuleti ugumba, hakuleti ugonjwa, hakuharibu uke, na wataalamu wa mambo haya mara nyingi wanaanzia hapohapo kwa mwanamke ambaye hajawahi kufika, ajijue kwanza peke yake ndo aweze kumwonyesha mwingine. Upande wa dini mimi sio mwalimu wako na sitajifanya. Kama dhamiri inakusumbua kweli, tafuta mtu mmoja wa imani yako unayemwamini, mwenye hekima na mdomo mzito, umuulize na hili hasa la mke anayetafuta kujua ili aelewane na mumewe, usiishie kwenye makatazo uliyoyasikia ukiwa mdogo. Kitu ambacho mimi ningekiangalia ni kingine, ni kama hicho chumba chako cha peke yako kinakuwa mlango wa kwenda kwake au kinakuwa pa kujificha asikupate. Kwa sasa nadhani hata wewe hujui, na hujachelewa kujua.

Kabla sijasahau, ule ukavu. Mama anayenyonyesha estrojeni yake, yaani ile homoni ya kike, inakuwa chini, na hiyo ndo inayoulainisha uke, ikipungua ngozi ya huko inakuwa kavu na nyepesi. Ni kawaida na haina maana kwamba humpendi. Kilainishi cha maji kinasaidia sana, na kama mnatumia kondomu za mpira msipake mafuta ya aina yoyote kwa sababu mafuta yanaziharibu zinapasuka. Maumivu yakiendelea hata ukilainisha usivumilie, nenda kliniki umwambie daktari au mkunga waziwazi kwamba tendo linauma, kuna mambo wanayoweza kuangalia na kutibu. Na kama unatumia dawa za sonona uwaambie pia, zipo kama fluoxetine na sertraline ambazo zinajulikana kuchelewesha kilele au kukizuia kabisa, lakini usiziache kwa kujiamulia mwenyewe. Hili la maumivu halina siri yoyote ya miaka tisa ndani yake, unaweza kumwambia mumeo hata kesho asubuhi.

Sasa njia zilizopo mbele yako. Nitakuambia ninavyoziona, ila anayemjua huyo mtu ni wewe.

Kuna ya rafiki yako, kufunga mdomo. Siidharau, kuna ndoa ambazo mwanamke akisema ukweli wa namna hii anahatarisha usalama wake, na huyo ningemwambia alinde kwanza maisha yake. Kama kuna chochote hujaniandikia, kama kuna upande wake unauogopa, basi yote ninayosema chini weka pembeni kwanza uniandikie tena. Ila kwa mume uliyemweleza, shida ya njia hii umeshaionja. Ulijaribu, mwili ukakataa. Na huku ukikaa kimya yeye hakai bila stori, ameshajitungia ya kwake ambayo ni mbaya kuliko ukweli wenyewe.

Kuna ya kumwambia yote, umkalishe umweleze tangu usiku wa kwanza. Faida yake unatua mzigo wote mara moja na hakuna kitu kitakachofumuka baadaye. Hatari yake ni kwamba ile sentensi yake, "angalau kitandani sijawahi kukuangusha", itaanguka siku hiyohiyo, na mtu akipigwa pale alipokuwa amejishikilia anaweza kukasirika, akanyamaza wiki nzima, akaanza kuhesabu nyuma kila usiku mliolala pamoja akijiuliza upi ulikuwa wa kweli. Anaweza pia kuuliza ni nini kingine ulifeki. Wapo wanaume waliopitia hapo wakatoka upande wa pili wakiwa karibu zaidi na wake zao, na wapo waliobaki na kidonda. Ukiichagua hii, nadhani kuna vitu vya kweli ambavyo visikosekane kwenye maneno yako: kwamba kukumbatiwa kulikuwa kweli, kwamba kumtaka kulikuwa kweli, kwamba ulikuwa hujui mwili wako ulivyo na ukaona aibu kusema hujui. Hivyo vyote umeniandikia mimi, hujavitunga.

Halafu kuna njia ya katikati, ambayo wengi wanaipenda kwa sababu inaonekana haina maumivu. Unaachana na nyuma, unaanza leo. Unamwambia mwili wangu umebadilika baada ya kuzaa, nimekuwa nasoma, kuna kitu nimejifunza nataka tukijaribu. Ni kweli tupu hiyo, hakuna uongo ndani. Lakini siku akiuliza "kwani zamani ilikuwaje?" utakuwa na sekunde mbili za kujibu, na ukisema "zamani ilikuwa sawa" umeanza upya. Kwa hiyo ukipita hapo, jipange mapema utasema nini swali likija. Unaweza kusema kidogo bila kusema yote, mfano "zamani sikuwa najua, na mara nyingi nilikuwa sifiki, niliona haya kukuambia". Hujataja tisa, hujataja kila usiku, ila hujamdanganya. Kama hiyo nusu inakutosha wewe au itakukera kama jiwe kwenye kiatu, sijui, wewe utasikia.

Njia yoyote, kitandani sio mahali pa hayo maongezi, hasa mkiwa mmetoka kumaliza au umetoka kumkatalia. Hapo mwili wake uko wazi na kila neno linaingia kama hukumu. Watu wengi wanaona rahisi wakiwa wanatembea au wako kwenye gari, wanaangalia mbele, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni.

Na kama mkifika mahali pa kuanza kujaribu, msiharakishe kutafuta kilele. William Masters na Virginia Johnson, wale watafiti wa Marekani, walikuwa na zoezi lao la mwaka 1970 ambalo mpaka leo wataalamu wanalitumia: mnakubaliana siku kadhaa hakuna kuingiliana kabisa, mnagusana tu kwa zamu, mwanzo hata sehemu za siri haziguswi, na anayeguswa anasema hapa napenda, hapa hapana, taratibu, acha hivyohivyo. Naipenda kwa ajili yenu kwa sababu hakuna wa kufika, kwa hiyo hakuna wa kufeki. Baadaye unaweza kuuweka mkono wake chini ya wako umwonyeshe. Wanawake wengi kile kichwa chenyewe kikiguswa moja kwa moja kinawasha au kinauma, wanapenda pembeni yake au juu ya ngozi inayokifunika, kwa ulaini, na wakishakaribia wanataka mwendo uleule usibadilike, hapo ndo wanaume wengi wanakosea kwa nia nzuri, wanaona amekaribia wanaongeza kasi. Wewe unajua unachokipenda, umeshajaribu mara nne. Inaweza ikachukua dakika kumi, ishirini, siku nyingine isije kabisa na usiku ukawa mzuri tu. Unaweza pia kujigusa mwenyewe mkiwa pamoja, wapo wanawake hiyo ndo njia yao na waume zao wamezoea. Ila ujiandae, mara ya kwanza mbele yake inaweza kugoma, kwa sababu ulipokuwa peke yako hakuna aliyekuwa anakusubiri, wewe mwenyewe umesema, na sasa kuna anayesubiri. Ikitokea hivyo usirudie sauti za zamani kumuokoa. Hapo kutakuwa na kishawishi kikubwa sana, nakuonya mapema.

Mnaweza pia kutafuta mshauri wa ndoa anayezungumza haya mambo bila haya, wa kukaa na nyie wawili. Sio wote wanayaweza, mwulizeni kabla.

Umeniuliza kama wewe ni mke mbaya. Umeandika barua nzima ukimtetea mtu kabla sijamshambulia, ukakumbuka sentensi aliyosema wakati wa shida, ukasikia kwamba hajalala. Mimi sioni ubaya hapo, naona mtu aliyechoka kuwa peke yake ndani ya chumba cha watu wawili.

Kuna jambo moja tu ambalo ningekusihi lisisubiri uamuzi wa hayo mengine. Alikuuliza swali gizani, na "acha mambo yako" halikuwa jibu, wewe ulikuwa na haraka ya kugeuka. Hana haja ya kujua miaka tisa leo. Ila anaweza kujua leo kwamba hakuna mtu. Mtafute taa ikiwa inawaka, umshike hata mkono, umwambie "uliniuliza kitu juzi, hakuna mtu mwingine, kuna mambo ya mwili wangu nayapitia, yananiuma na kunichanganya, nipe muda nitakuambia". Halafu usiongeze kitu kama huwezi. Alale.

Uniandikie tena, hata ukiwa hujaamua. Ukienda tu kliniki ukaishia hapo, niandikie. Ukiamua kunyamaza kwanza, niandikie vilevile, sitakugombeza.

Anti